Ubongo Uliopitia Motoni

Miaka michache baada ya vita vya mwaka wa themanini na sita nilikuwa mtumishi wa maabara hapa Kampala, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutafuta vichwa. Dada mmoja, Mkenya mwenzangu, alikuwa akisomea shahada kwa kulinganisha mafuta ya ubongo: wa samaki wa ziwani pale Ggaba, wa kuku na wa mbuzi. Alitaka kujua jinsi kila mnyama anavyoyajenga na kuyatumia, maana samaki hushinda majini na mbuzi hushinda akicheua majani. Sharti lilikuwa moja. Mnyama akishakufa, ubongo uingie kwenye barafu papo hapo, kwa sababu mafuta yale huanza kuvunjika mara damu inapokoma.

Samaki na kuku hawakunipa shida. Mbuzi nilimfuata kwa mchinjaji mmoja wa Kinubi pale Nakawa, mzee mpole aliyezoea kubabua manyoya motoni kabla ya kumpa mteja kichwa.

“Hii kichwa nachoma, ama unabeba hivi hivi?” aliniuliza siku ya kwanza.

Jibu nilikuwa nalo: nibebe hivi hivi. Lakini dada alihitaji ubongo tu, kichwa kilichobaki kilikuwa changu, na kichwa kisichobabuliwa hakitoi supu ya maana. Nikamwambia achome. Nilikaa kwenye benchi nikinusa manyoya yakiungua, ubongo ungali ndani ya kichwa, ndoo ya barafu miguuni. Nilifanya hivyo kwa mbuzi wote. Ulikuwa ulafi, sina jina jingine la kuupa.

Majibu yalipotoka, ubongo wa mbuzi ulikuwa na mafuta yaliyovunjika kupita wa samaki na kuku. Dada akadhani amegundua jambo, akaandika sura nzima. Mwalimu wake akatilia shaka. Akamuuliza, nami nipo, ubongo ulichukua muda gani kufika kwenye barafu.

Dada akanigeukia. “Kaka, wewe ndiye ulikuwepo. Mwambie.”

“Dakika tatu,” nikasema, nikimkazia mwalimu macho.

Basi mwalimu akaamua kosa liko kwenye upimaji wa dada, arudie kazi yote. Lakini muda wa masomo wa dada ulikuwa umekwisha. Wiki nzima nilikuwa naye chumba kimoja na sikufungua mdomo ila kuzungumzia mvua. Nikikumbuka hadi leo naona haya hata nikiwa peke yangu.

Siku ya kurudi kwao, bila shahada, alikuja kuniaga. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Unisamehe, kaka. Nimekusumbua bure na vichwa vile vyote.”

Nikamwambia nimemsamehe.