Mara Mia na Nane Nilimwita Shani

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msianze kumtafuta mchawi, maana hata mimi nilianza hivyo hivyo na ndiko nilikopotelea.

Mimi ni mtumishi wa ofisi moja hapa Dodoma, nakaa Ipagala, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Miaka mingi nimesubiri kupandishwa cheo. Watu niliowafundisha kazi ndio leo wananisainia ruhusa. Jamani, inauma.

Siku moja kwenye simu nikaona ukurasa wa nyota za Kihindi. Unajaza tarehe na saa uliyozaliwa, unaambiwa kinachokukwamisha. Nikampigia mama kijijini Chamwino. Akasema, "Ulizaliwa ng'ombe wanarudi zizini, mwanangu. Saa kumi na moja." Nikajaza kumi na moja, dakika sifuri, kwa uhakika wa mtu anayejaza fomu kila siku.

Jibu likaja: sayari ya Zohali imekaa kwenye kile wanachokiita nyumba yangu ya kazi, na haina haraka ya kuondoka. Kwa lugha yao Zohali anaitwa Shani. Dawa yake ni kumwomba kila Jumamosi kwa maneno ya Kisanskriti, mara mia na nane: Om Shri Shani Devaya Namaha. Wenye imani yao huyasema kwa heshima, sina neno nao. Mimi niliyameza kama kidonge cha kichwa.

Nikawa najifungia stoo, kati ya gunia la uwele na baiskeli mbovu, nahesabu kwa punje za karanga. Nikimaliza, nazila. Mke wangu, Mama Neema, sikumwambia. Mzee wa kanisa anaanzaje kumwambia mkewe kwamba anambembeleza Zohali?

Sasa sikieni. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa fundi cherehani, mama mjane, rafiki mkubwa wa mke wangu. Jina lake Shani.

Naapa hilo sikulifikiria hata mara moja.

Mama Neema ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Jumamosi moja alirudi kazini mapema, akasimama nje ya mlango wa stoo. Ndani mumewe anaita Shani, Shani, kwa sauti ya kubembeleza. Nilipotoka na bakuli langu la karanga, nilimkuta amekaa sebuleni, viatu hajavua.

"Baba Neema, Shani gani huyo?"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikajibu, "Jina tu limenijia."

"Limekujia mara ngapi? Maana nimesimama pale mpaka miguu imeingia ganzi."

Akatoka. Nikamfuata kwa mbali. Shani alikuwa barazani kwake anashona sare za akina mama wa kanisa. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema taratibu, na majirani wakasogea ili wasikie vizuri.

"Shani, nilikuingiza kwangu kama ndugu. Leo mume wangu anakuita wewe kuliko anavyomwita Mungu."

Shani akanitazama mimi. "Shemeji, hebu mwambie."

Sentensi moja ingetosha. Nikamfikiria mchungaji, nikalifikiria baraza la wazee, nikatazama chini. Majirani wakanisoma kwamba nina hatia, na hawakukosea. Walichokosea ni hatia ipi.

Ndani ya wiki tatu akina mama walikuwa wamechukua vitambaa vyao, vingine vimekatwa na havijashonwa. Shani akafungasha cherehani yake akahamia kwa kaka yake kule bwawani Mtera, ambako watu wanatafuta nyavu kuliko magauni. Mke wangu akachukua watoto akaenda kwa dada yake, mtaa wa Kikuyu, hapa hapa mjini. Mimi nikabaki na Zohali.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Upweke uliponizidi nikaenda Kikuyu, nikaweka simu mezani, nikasema yote. Mama Neema akaichukua akasoma. Kazini kwake huandika saa za kuzaliwa watoto kila siku.

"Hapa umeandika saa tano asubuhi," akasema. "Saa kumi na moja jioni kwenye simu inaandikwa kumi na saba. Hii nyota ni ya mtu mwingine."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"La nyota nimekuamini. Lakini ulimwona Shani anavuliwa nguo mbele za watu, ukanyamaza. Hilo simu haikukutuma. Na mimi niliyemvua, nitamtazamaje?" Akanirudishia simu. "Nenda Mtera. Jina lake umelitaja sana stoo, kalitaje mbele yake."

Nilienda. Shani alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho huku akipiga pindo. Hakutukana, na ningefurahi angetukana. Akasema, "Shemeji, huku hakuna aliyenituhumu. Hayo kayaseme Ipagala, pale pale barazani, kwa jina lako."

Nikarudi. Na badala ya kwenda barazani, nimeyaandika hapa.

Someni tena muone. Jina la Shani limejaa juu mpaka chini. La mwanangu nimelibadilisha. La kwangu halipo kabisa.

Ndugu msomaji, kazi isipoenda, vumilia kama wenzako. Ukijaza saa, jua simu haihesabu kama mama yako. Na ukimponza mtu, sema siku ile ile, neno likiwa bado jepesi, kwa sababu likilala linaongezeka uzito.

Mama Neema anasema atarudi siku nitakayosimama pale barazani. Kutoka mlangoni kwangu ni nyumba ya tatu tu. Hii ni Jumamosi ya nne tangu nitoke Mtera, na bado sijafika.