Mchungwa wa Leobardo

Mchungwa wa marehemu Leobardo Cavazos ulisimama karibu na dirisha la jiko, na kwa miaka mingi mkewe Eulalia hakujua bei ya chungwa katika soko la mji wa Weslaco. Leobardo aliubebesha kwa mkono wake mwenyewe. Alikata jicho la tawi kutoka mchungwa wa baba yake, mti ambao baadaye uling'olewa kupisha barabara, akalipachika kwenye gome la mdanzi mchanga. Ndivyo wafanyavyo watu wa bonde lile la mto Rio Grande, kusini mwa Texas: mdanzi tunda lake ni chungu lakini una mizizi migumu, chungwa tamu hukaa juu yake kama mtoto mgongoni.

Kila Novemba alilundika udongo kwenye shina hadi ufunike lile kovu la kubebeshea, na baridi ikipita akauondoa.

"Matawi yakifa, yafe," alikuwa akisema. "Kovu likipona, utamu umepona."

Leobardo alifariki wakati wa joto. Mdogo wake, Chano, aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa mbali kaskazini, Michigan, kwenye vibarua vya kuchuma matunda ya cheri, na aliporudi udongo wa kaburi ulikwisha kukauka. Eulalia alimwambia amemsamehe. Kila Jumapili kanisani alimpa mkono wa amani. Lakini Mungu ndiye aonaye moyo, na moyoni mwa Eulalia mlikuwa na jiwe.

Novemba ile Chano alisimama getini na koleo begani.

"Shemeji, nimekuja kulundika udongo. Halafu nitakuomba kijiti kimoja tu, nikabebeshe kwangu. Mti wa kaka uko mmoja, na mmoja si wa kutegemea."

"Udongo nitalundika mwenyewe."

"Kwa mgongo huo?"

"Mgongo huu ulitosha kumgeuza kaka yako kitandani, wewe ukila cheri."

Chano alitazama viatu vyake. "Nilikuwa nachuma, shemeji. Sikuwa nakula."

"Basi kaombe kijiti huko huko ulikokuwa unachuma."

Chano akageuka na koleo lake. Mgongo ulimuuma Eulalia wiki hiyo, na nyingine, na udongo haukulundikwa.

Februari ikaja baridi ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona. Eulalia aliufunika mti kwa mablanketi yote ya nyumbani, akatundika ndani yake zile taa za zamani za Krismasi zinazotoa joto, akakaa dirishani na rozari. Umeme ukakatika bonde zima. Taa zikazimika mbele ya macho yake. Kulipokucha mablanketi yalikuwa magumu kama mbao, na siku chache baadaye gome likapasuka toka juu hadi chini.

Mwezi wa nne machipukizi mabichi yakachomoza karibu na ardhi. Eulalia alipiga magoti palepale kwenye majani. Kanisani aliwaambia wenzake kuwa mti wa Leobardo umefufuka.

Chano alichungulia juu ya ua.

"Shemeji, angalia miiba hiyo. Angalia na jani, lina jani dogo jingine kwenye kikonyo chake. Machipukizi hayo yametoka chini ya kovu. Huo ni mdanzi."

"Wivu ni dhambi, Chano."

"Haya. Ulee, utakuja kuonja."

Akaulea. Aliumwagilia, akautilia mbolea kuliko alivyoulisha mwili wake. Mwaka wa nne ukazaa, machungwa mekundu ya kupendeza, na Eulalia akaweka nadhiri kutoonja hata moja mpaka Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, kwenye misa ya mumewe. Siku hiyo, baada ya misa, jamaa walijaa sebuleni wakila tamale za unga wa mahindi. Alimwalika na Chano pia, na hakumwalika kwa wema. Alitaka aone.

Aliweka sahani mbele ya picha ya Leobardo, akakata chungwa la kwanza, akatia kipande mdomoni.

Ulimi ulikunjamana, machozi yakamlenga. Akameza. Watu waliokwisha kunyoosha mikono wakairudisha taratibu, kila mmoja akatafuta la kumwambia jirani yake.

Chano peke yake ndiye aliyechukua kipande. Alikitafuna chote bila kukunja uso, akafuta mikono.

"Chano," Eulalia alisema kwa sauti ya chini, "huna kijiti hata kimoja? Hukukata hata kwa kuiba?"

"Ningekata vipi, shemeji? Uliniambia niende."

"Na wa baba yenu?"

"Uko chini ya lami."

Chano akachukua kofia yake, akamwinamia kwa heshima, akatoka.

Wageni walipokwisha kuondoka, Eulalia alikaa na ile sahani. Alifundishwa tangu utotoni kwamba kutupa chakula ni dhambi. Akavuta kisu, akamenya la pili, akala.