Cheti cha Vipaumbele

Wananchi wa Tukuyu na viunga vyake, kwa heshima na taadhima mnatangaziwa kwamba Ambindwile, mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, amechaguliwa kuwa Mfano wa Kuigwa katika Kuzingatia Mambo ya Msingi. Simameni. Haya, kaeni.

Sherehe ilikuwa ukumbini Bulyaga, saa mbili asubuhi. Saa nne bado tulikuwa tunamsubiri mgeni rasmi, aje atufundishe kutunza muda. Ambindwile, miaka hamsini na ushee, koti la kuazima, alikaa meza kuu akiikodolea macho chupa ya maji. Simu ikalia.

"Daktari, ni Ikupa wa Kisiba. Meneja analia tangu jana jioni."

Meneja ni ng'ombe. Ndiye pekee aliyebaki kwenye zizi la mjane huyo. Mara mbili kapandishwa, mara mbili hakushika, na mchinjaji wa Msasani yetu ya hapa Tukuyu alishampapasa mapaja akasema atamfuata Jumamosi. Joto la kutaka dume lililoanza jioni likivuka mchana wa kesho yake, ndiyo basi tena, subiri wiki tatu. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Ambindwile akasimama. Mwenyekiti Ackson akamdaka mkono.

"Unaenda wapi? Si wewe ndiye shughuli yenyewe!"

"Kisiba."

"Mgeni rasmi yuko njiani, bwana!"

"Na mimi."

Akavua koti, akakivisha kiti. Mtungi wa mbegu akaufunga kwenye pikipiki kwa mpira. Mvua ya kwetu mnaijua, haina adabu wala ratiba. Kwenye mteremko wa mashamba ya chai pikipiki ikalala ubavu, mwenyewe matopeni, mtungi umechomoka kwenye mpira, kaudakia kifuani. Akaiacha pale magurudumu yakizunguka, akakikabili kilima kwa miguu.

"Daktari, leo umepandishwa wewe?" wachuma chai wakapiga kelele.

Akazidi kukwea. Na huyu ni mtu ambaye utani wa namna hiyo huwa anaurudisha na riba.

Saa sita kasoro dakika kumi akafika, akavaa glavu ndefu, akamaliza kazi kabla Ikupa hajamaliza kusema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa. Jumamosi mchinjaji alipokuja na kamba yake, mama akamwonyesha njia aliyojia.

Mgeni rasmi? Aliingia saa nane. Alihutubia kuhusu kuwahi kwa saa mbili nzima, kisha tukakipigia makofi kiti chenye koti.

Miezi tisa baadaye Meneja akazaa ndama jike, mguu wa mbele una soksi nyeupe. Ndipo Mwenyekiti Ackson akakumbuka cheti. Akakibeba hadi Kisiba, suti imenyooka, mpiga picha nyuma. Akamkuta Ambindwile kwenye zizi la jirani yake Ikupa, mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi begani, mkia ukimchapa usoni.

"Daktari, wananchi wanaomba neno moja tu," akasema Mwenyekiti, sauti ya mimbarini. "Katika maisha na katika kazi, jambo la msingi ni lipi?"

"Shika mkia."