Jembe Bila Mpini

Juzi nilikuwa kwenye kiwanja cha mpira mjini Koboko, kaskazini mwa Uganda, wapiganaji waliotoka msituni wakisalimisha silaha. Mwanamume mmoja mwenye mvi aliifuta bunduki yake vumbi kwa kiganja, kisha akaiweka chini. Askari aliyekuwa akizipokea akamwonyesha kidole kiunoni.

"Na panga, mzee."

"Panga iko ya kazi tu."

"Panga iko silaha. Weka."

Akaiweka. Akapewa blanketi na jembe jipya, chuma kitupu. Akakigeuzageuza mkononi.

"Mpini iko wapi, afande?"

"Mpini kila mutu anakata kwake nyumbani."

"Nakata na nini?" Akaelekeza kidevu kwenye lundo la mapanga. Askari akamwita anayefuata.

Ni kweli, huku kwetu jembe huuzwa bila mpini, na kila mkulima hujichongea wake. Lakini wakubwa walipotaka mtu huyu akaue, hakuna aliyemwambia akajichongee kitako cha bunduki. Walimkabidhi bunduki kamili, na risasi ndani. Leo wanataka alime.