Kifafa cha Tomi, Mbwa wa Shosho

Wiki iliyopita mbwa wa jirani yangu hapa Kiamunyi alianguka mbele ya geti, akaanza kutetemeka miguu yote minne, povu likimtoka. Jirani alipiga mayowe. Watoto wake walisimama mbali, mmoja ameshatoa simu anarekodi. Mimi nilijikuta nimepiga magoti kwenye kokoto za murram, nimevua sweta nimemkinga mbwa jua, nawaambia watu wanyamaze. Ilipopita, jirani akaniuliza, "Kumbe wewe ni daktari? Hii ulijifunza wapi?" Nikamwambia nilijifunza nyumbani, kwa nyanya yangu. Akanisifu mpaka nikaona haya. Yaliyobaki sikumwambia. Wewe nitakuambia.

Nililelewa Njoro na nyanya, ambaye sote tulimwita Shosho, kwenye kipande cha lililokuwa shamba la mzungu. Ukisimama mlango wa jikoni uliona ngano ikiteremka mpaka barabarani, na msimu wa kuvuna kombaini zilinguruma kutwa nzima, makapi yakikufuata hadi ndani ya kikombe cha chai. Asubuhi baridi iliuma masikio. Kabla ya shule nilipeleka maziwa deri, kituo cha kuyakusanyia, na Tomi alinisindikiza: mbwa mwekundu, sikio moja limelala, akilamba matone yaliyodondoka kutoka kwenye mkebe.

Alianza kuanguka nikiwa darasa la tano. Ilikuwa Jumamosi mchana, tunamenya viazi. Tomi alisimama, akautazama ukuta kama mtu aliyeitwa, kisha akaenda chini kama gunia. Majirani walioingia walisema ni kichaa cha mbwa, na mmoja akakimbia kuleta rungu. Shosho akajiweka kati ya rungu na mbwa, kisu cha viazi bado kiko mkononi.

"Hapa kwangu hapigwi mtu wala mbwa," alisema. "Tutangoja daktari."

Daktari wa mifugo, ambaye tulimzoea kwa mambo ya ng'ombe, alimkagua Tomi, akauliza maswali mengi, akasema ni kifafa. Hata mbwa hushikwa. Akaacha vidonge vidogo vyeupe, nusu asubuhi, nusu jioni, bila kuruka hata siku moja.

Vidonge vikawa kazi yangu. Nilivificha ndani ya donge la ugali lililochovywa kwenye maziwa lala yaliyoganda, na Tomi alijifanya hajui. Vilimpunguzia, havikumponya. Shosho alinifundisha la kufanya akianguka: sogeza jiko na vigoda, usimkandamize, usitie mkono mdomoni, mfunike macho kwa leso, nyamaza. Jikoni hatukuwa na saa, basi tulipima kwa sala ya Baba Yetu, polepole, moyoni. Kwa kawaida ikifika mara ya tatu alikuwa ametulia. Ikifika mara ya tano, nimkimbilie daktari. Alipozinduka alikuwa haoni vizuri, anagonga milango, amejikojolea, na Shosho alimpangusa upesi kwa gunia kabla mtu hajaingia uani. "Aliyeanguka," alikuwa akisema, "asiamke akakuta macho ya watu."

Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Wageni wa kanisa walipokuja, Shosho aliwaambia huyu mtoto ana moyo. Nami niliamini.

Shuleni nilikaa dawati moja na msichana mpole, ambaye mama yake aliuza kabichi sokoni. Tulikula githeri kutoka kwenye bakuli moja. Siku moja, mapumziko ya saa nne, tulikuwa tukiruka kamba. Yeye akasimama ghafla, akatazama ua wa shule kwa macho ambayo mimi niliyafahamu. Nilijua kabla hajaanguka. Uwanjani pale hakuna mtu aliyejua kama mimi, hata mwalimu.

Alianguka kando ya mtaro wa saruji. Watoto wakapiga kelele, "Msimguse! Ukigusa povu na wewe utashikwa!"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Sweta nilikuwa nimevaa, ningeliweka chini ya kichwa chake. Badala yake niliiachilia kamba, nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikaingia katika duara la wenzangu. Kichwa chake kilikuwa kikigonga saruji, na moyoni Baba Yetu ikaanza yenyewe. Mtu fulani akacheka alipoona sketi yake imelowa. Mungu anisamehe, nami nilicheka, nisije nikadhaniwa ni rafiki yake. Mwalimu alifika mbio na kijiko cha jikoni, amtie mdomoni asing'ate ulimi. Nilijua si sawa. Nilikuwa na sauti, nikanyamaza. Kijiko kilimvunja jino la mbele.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika deri, na kutoka deri ikafika kwa Shosho. Alinikuta namkorogea Tomi chakula.

"Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo, Shosho."

"Ukafanya nini?"

"Watoto walisema inaambukiza."

Alimtazama Tomi, akanitazama mimi. "Huyu amekuambukiza?"

Niliendelea kukoroga chakula.

"Mbwa unampigia magoti," alisema, "mtoto wa watu unamkimbia."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Jumamosi tulikwenda kwao na chupa ya maziwa. Mama yake alitupa chai, akamshukuru Shosho mara nyingi kuliko ilivyostahili. Kisha akaniambia, "Yuko ndani, ingia umsalimie. Amekuwa akikuulizia." Chini ya pazia la mlango niliona vidole vya miguu yake, alikuwa amesimama pale pale, akisikiliza. Shosho aliniangalia, akangoja.

"Tutaonana shule, Mama," nilisema.

Vidole vikarudi nyuma.

Hakurudi shule. Alipelekwa kwa shangazi yake Longonot, na dawatini nikaletewa mwenzangu mwingine. Tomi aliishi miaka mingi baadaye, na kila alipoanguka nilimfunika macho, lakini mikono yangu ilikuwa na aibu hata mbele ya mbwa. Alikufa kwa uzee, juani, kando ya stoo ya mahindi. Shosho alimfuata nikiwa chuo. Shamba liligawanywa, na mahali palipokuwa na ngano sasa kuna nyumba za kupangisha wanafunzi, nguo zao zikikauka kwenye ghorofa ya tatu. Deri imefungwa. Sauti ya kombaini siisikii tena, na maziwa lala nanunua kwenye pakiti.

Hayo yote yaliondoka bila kuniuliza, na nimejifunza kuyalilia kiasi. Lakini yule msichana hakupotea. Niliambiwa zamani kwamba ana duka la nguo za watoto pale Longonot, karibu na reli, na kwamba ni mzima. Nikienda Nairobi kwa barabara ya chini, ile ya bondeni, lazima nipite hapo. Mwaka jana nilipunguza mwendo, nikawasha taa ya kukata kona kabisa. Lori lililokuwa nyuma yangu likapiga honi. Nikaizima taa, nikaendelea na safari.