Nilivyokwenda Mombasa Kupima Kibla ya Baba

Baba yangu alisali kuliko mtu yeyote niliyemjua, na jambo hilo lilinikera kwa miaka mingi. Sisemi sala tano. Hizo kila mtu kijijini kwetu Munje alizisali, au alionekana akizisali. Nasema zile alizokuwa akizilipa. Akishatoa salamu ya magharibi, wenzake wakitoka msikitini, yeye husimama tena. Baada ya isha vivyo hivyo. Nyumbani mama alikifunika chakula kwa kawa, akakifunua, akakifunika tena. Magoti ya baba yalikuwa yamevimba, na ili kuinuka kutoka kwenye sijda ilimbidi ashike nguzo.

Nilipokuwa mtoto, baba alikwenda kwenye mikoko ya Bodo akakata boriti za paa la nyumba yetu, pale pale walipokata baba yake na babu yake. Askari wa msitu wakamkamata kwa kukata bila kibali. Akafungwa Mombasa, katika ile ngome kuukuu ya Wareno ambayo serikali iliifanya jela. Sisi hatukusema mtu amefungwa. Tulisema yuko Ngomeni. Huko alimjibu askari jela mmoja jibu lisilompendeza, akatiwa peke yake katika chumba cha giza kwa wiki kadhaa. Dirisha halikuwamo. Alisali kwa kukisia, mlango ukiwa mgongoni mwake, akiamini kwamba mbele yake ndiko kaskazini, maana kwetu pwani kibla iko kaskazini. Siku aliyotolewa, mwanga ulimpofua, akapitishwa kona baada ya kona, na hakuweza kujua tena chumba kile kilikaa vipi.

Aliporudi alimwuliza mwalimu wetu wa Kurani. Mwalimu akamwambia, ukiwa na shaka, zilipe sala zote kwa ihtiyati, uwe salama. Akalipa mpaka akamaliza. Kisha akaingiwa na wasiwasi kwamba hakuhesabu vizuri, akaanza upya. Akamaliza, akashuku tena. Mimi nikakua, nikapelekwa shule, nikafika chuo kikuu Kampala, na kila nikirudi likizo namkuta amesimama juu ya mkeka.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini uvumilivu ukanishinda.

"Baba," nilimwambia, "kama ulikosea, umekwisha kulipa mara nyingi. Kama hukukosea, huna cha kulipa. Kote kuwili umemaliza."

"Hayo ndiyo mnayofundishwa huko?"

"Hiyo ni akili tu, baba."

"Akili yako haikuwamo mle chumbani."

Nilikuwa nimesikia kwamba jela imehamishwa, na ngome inatengenezwa ili watu waende kuitazama. Nikamwambia nitakwenda nikapime mwenyewe, nina dira niliyoinunua Kampala. Nilidhani angekataa. Alinishika mkono.

"Mlango ulikuwa mgongoni mwangu. Usije ukageuza. Mgongoni."

Nilikwenda peke yangu, na mihogo ya kuchemsha ya mama ndani ya kikapu. Jamaa zetu wa Mombasa sikuwaambia kitu, kwani wangeniuliza nimefuata nini, na sikutaka kumweka baba kwenye vinywa vyao. Nililala kwenye baraza ya msikiti mmoja wa Mji wa Kale, mimi ambaye nilikuwa nimeacha kusali isipokuwa mbele ya wazazi. Alfajiri mwadhini akanigusa ubavuni kwa bakora.

"Amka, bwana. Hapa si hoteli."

"Mimi ni msafiri, shehe."

"Msafiri hupunguziwa sala, haondolewi. Birika ile pale."

Nikatawadha, nikasali huku nimekasirika, nikatoka.

Watu husema mji ule ni mzuri. Labda. Mimi niliutembea asubuhi ile bila kuuona uzuri huo. Watalii walioshuka melini walikuwa wakiipiga picha milango ya nakshi, wakiipapasa kama wanaopapasa farasi. Mimi nilitazama juu. Kila dari katika nyumba zile limekaa juu ya boriti. Hata upana wa vyumba ni urefu wa boriti, kwa sababu boriti ya mkoko ikizidi hapo hupinda. Mji mzima umebebwa na miti iliyokatwa na watu kama baba, na wenyewe hakuna anayewataja. Vibarazani wazee waliovaa kanzu walikunywa kahawa wakanitazama viatu, wakajua mara moja nimetoka ng'ambo ya Likoni.

Ngomeni nilimkuta bawabu mlangoni, na ndani mafundi wakivunja kuta kwa sururu. Mzungu msimamizi wa kazi alinijia. Nilipomwambia mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu alifurahi kweli, akaanza kunionyesha mizinga na maandishi ya Kireno juu ya jiwe. Nikamwuliza zile kuta zinazovunjwa ni za nini.

"Ah, hizo ni za jela. Takataka za juzi tu," alisema. "Tunaziondoa ili historia ionekane."

"Baba yangu alifungwa hapa."

Akaiacha mizinga, akanigeukia. Kisha akasema, kwa upole, "Pole sana. Lakini hayo si mambo ambayo wageni watakuja kuyatazama."

Ningependa angekuwa mkali. Ningependa anifukuze, ili hasira yangu ipate pa kushika. Badala yake alinipa ruhusa ya kuzunguka popote nipendapo, akarudi kwenye mizinga yake.

Bawabu ndiye aliyenielekeza kwenye chumba cha giza. Kilikuwa ndani ya ukuta mnene wa zamani, kwa hiyo hakikuvunjwa. Mafundi walikifanya ghala la chokaa. "Wakaidi walitiwa humu," alisema, akaniacha. Mlango wenyewe ulikuwa umeng'olewa, zikabaki bawaba mbili za chuma, na pa kuingilia palikuwa pale pale pa zamani. Nilisogea mbele hatua chache, chuma kisije kikavuta sindano. Nikageuza mgongo kwenye mlango. Nikasubiri dira itulie.

Kaskazini ilikuwa mbele yangu, sawasawa, kana kwamba chumba kimejengwa na mtu aliyetaka kusali ndani yake.

Nikatoka, nikaingia tena, nikapima upya. Jibu lilikuwa lile lile. Nilifikiria ile nguzo aliyoishika miaka yote hiyo, ilivyong'aa mahali pa mkono. Nikalipiga teke gunia la chokaa mpaka likapasuka, nikaenda kupanda feri nikiwa mweupe magotini.

Baba nilimkuta barazani baada ya alasiri. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia papo hapo.

"Ulielekea kibla, baba. Hukukosea hata kidogo."

"Ulipima vizuri?"

"Zaidi ya mara moja."

"Mgongo mlangoni?"

"Mgongo mlangoni."

Nilingoja aseme alhamdulillahi. Alikuwa akiyatazama magoti yake.

"Basi sikuwa na deni," alisema.

"Hukuwa nalo."

"Unajua, mwanangu, mimi nilikuwa nikijiambia: wao wamenitia mle, lakini na mimi humo humo nimekosa. Tumekosa sote." Alivuta pumzi. "Sasa wamebaki wao peke yao."

Sikulifikiria hilo. Kwa elimu yangu yote sikulifikiria.

Magharibi ilipokwisha alitoka msikitini pamoja na wenzake. Mama alifunua chakula kikiwa bado cha moto, akamtazama kama mgeni. Baba alikula tonge mbili tatu, akaanza kusimulia mambo ya jela, ambayo hakuwahi kutusimulia. Sauti yake ilikuwa ngeni kwangu, kavu.

"Yule askari aliniuliza, unajua umeiba mali ya nani? Nikamwambia, niambie wewe, ile mikoko aliipanda nani. Ndiyo akanitia gizani. Kwa neno hilo tu." Akasukuma sahani. "Kesho twende Bodo, nikuonyeshe nilipokata. Paa la jikoni linataka boriti mpya."

"Na kibali?" mama akauliza.

"Sitaki kusikia habari ya kibali nyumbani kwangu. Panga langu liko wapi?"

"Panga, na magoti hayo?"

"Atalishika mwanao. Mimi nitamwonyesha tu."

Mama akanigeukia mimi. "Umemtoa kwenye mkeka ukamtia kwenye panga. Umefurahi sasa?"

Nilikwenda kutafuta tupa ya kunolea.