Sikio la Fundi Leopold

Kwa miaka ishirini na sita, magari yaliyougua mjini Mbinga yaliletwa kwa Leopold Kapinga ili ayasikilize. Hakuanza kwa kufungua boneti. Alimwambia mwenye gari awashe, kisha akasimama pembeni, kichwa amekiinamisha upande mmoja na mikono ameifunga nyuma, kama mtu anayengoja zamu yake ya kuungama. Baada ya muda alisema, "Plagi ya tatu," au, "Mnyororo umelegea," na mara nyingi ikawa hivyo hivyo. Madereva waliobeba kahawa kutoka Maguu walitania kwamba mzee huyu ukimpigia simu injini ikiwa inanguruma, anakutibu hukohuko uliko.

Sikio hilo lilianza kufa mwaka juzi. Halikufa lote. Ngurumo za malori alizisikia, na sauti za wanaume alizisikia. Zilizopotea ni sauti nyembamba: ndege wa alfajiri, birika linapopiga mluzi, kengele ndogo ya altareni. Jumapili moja wakati wa mageuzo kengele hiyo ilipolia waumini wote walipiga magoti, naye akabaki amesimama wima katikati yao mpaka mkewe, Gaudiosa, alipomvuta koti. Daktari wa masikio aliyepita Mbinga kwa siku tatu alimpima na kumweleza kwa upole kwamba mashine ya kusaga vyuma na nyundo vimemla taratibu, na kilichokwenda hakirudi.

Leopold hakumwambia mtu isipokuwa Gaudiosa. Gereji aliendelea kuifungua. Alijifunza kusoma nyuso. Injini ilipolia vibaya, mwenye gari alikunja uso au alitazama boneti haraka, na Leopold akadaka hapohapo: "Umesikia? Ndiyo hiyo." Watu wakaendelea kumsifu.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo mpaka Ottilia alipoleta gari lake.

Ottilia ni mdogo wake Gaudiosa. Anaishi Mbamba Bay, na tangu mumewe afariki amekuwa akinunua samaki wabichi ufukweni asubuhi, mbasa na magege, akiwapandisha Mbinga kwenye masanduku ya barafu kabla soko halijachangamka. Kwa kazi hiyo alikuwa na kitu kimoja tu, gari la Kijapani la petroli lenye turbo, lililokwisha kupita mikono mitatu kabla ya kumfikia. Dereva wake alikuwa Cleopa, mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na minane, mpole mno.

"Shemeji, gari limekuwa zito," Ottilia alisema siku hiyo gerejini. "Nikipakia masanduku yote, mlimani linanyong'onyea. Wenzangu wananipita. Nikifika sokoni, wanunuzi wameshajaza vikapu."

"Na mafuta?"

"Yale yale ya Nazari. Ya dumu. Kwingine nitayatoa wapi?"

Leopold alilizunguka gari lile akilitazama kwa makini, maana alilijua tangu kwa mwenyewe wa pili. Ni lazima kieleweke alichokuwa akikiona, kwa sababu msiba wote uliofuata ulikuwa umekwisha kukaa mle ndani.

Injini ya petroli huvuta hewa na mafuta, ikavibana, kisha plagi ikavichoma. Ikibana zaidi, nguvu huongezeka. Turbo nayo huongeza jambo jingine: kwa kuzungushwa na moshi unaotoka, husukuma hewa ndani kwa presha, kwa hiyo kinachobanwa huwa kingi kuliko ambacho injini ingevuta yenyewe. Lakini kubana kuna mpaka. Petroli ikizidiwa na joto na mgandamizo, haingoji plagi. Hulipuka ovyo kabla ya zamu yake na kuipiga pistoni utosini. Uwezo wa petroli wa kuvumilia bila kulipuka ndio unaoitwa oktani. Basi vitu vitatu hivyo, ubanaji wa injini, presha ya turbo na oktani ya mafuta, vinategemeana. Ukiongeza viwili vya kwanza na cha tatu kikiwa dhaifu, injini inakufa.

Katika gari la Ottilia, ubanaji ulikuwa umezidi tayari. Kwa mwenyewe wa pili injini ilichemka, silinda hedi, mfuniko wa juu wa injini, ikapinda, ikapelekwa Songea kuchongwa inyooke. Ikachemka tena, ikachongwa tena. Kila inapochongwa, chumba cha kuwakia mafuta hupungua, na hewa ile ile hubanwa mahali padogo zaidi. Chuma kilichochongwa hakirudishwi. Petroli ya Nazari nayo ilikaa juani kwenye madumu wiki nzima, na Nazari mwenyewe hakujua imetoka wapi. Kilichobaki mikononi mwa fundi ni presha ya turbo peke yake.

Gari lilipotoka Japani lilikuwa na kihisi chake kwenye injini, kinachosikia injini ikianza kugonga kwa milipuko hiyo ya ovyo na kuiamuru kompyuta ipunguze makali. Kilikuwa kimekufa zamani, na kingine hakikupatikana Mbinga wala Songea. Sikio la fundi ndilo lililokuwa limebaki.

"Nitawafuata Mbamba Bay," Leopold akasema. "Haliwezi kupimwa hapa. Huku juu hewa ni nyepesi na baridi, injini inadanganya. Ukilirekebisha hapa likatulia, ukifika kule chini kwenye joto na hewa nzito linajiua."

Alisema kweli. Mafundi wengi vijana hawakulijua jambo hilo.

Jioni, Gaudiosa alimwandalia ugali akakaa mbele yake, akasema kwa sauti ya kawaida, akihakikisha midomo yake inaonekana.

"Baba Erasmo, umwambie Ottilia kabla hujagusa gari lake."

"Nitamwambia."

"Au mpe Damiano. Ana kile chombo cha kupima injini, cha kuunganisha na simu."

"Damiano!" Leopold alicheka kwa uchungu. Damiano alikuwa mwanafunzi wake, sasa ana gereji yake upande wa stendi. "Damiano nilimfundisha mimi kushika spana. Leo nimpelekee gari la shemeji yangu mwenyewe, niseme nini?"

"Useme husikii."

Leopold akamega ugali. Gaudiosa alidhani hakusikia, akarudia. Alikuwa amesikia.

Asubuhi ya Alhamisi walikutana Mbamba Bay. Ottilia alikuwa ameshapakia masanduku yote manne, maana kipimo cha Leopold kilijulikana: gari lipimwe na mzigo wake halisi, kwenye mlima wake halisi. Presha ya turbo hutawaliwa na fimbo nyembamba yenye nati, inayofungua njia ya pembeni ili moshi uiache turbo ipumue. Ukiikaza nati, njia inachelewa kufunguka na presha inapanda. Leopold alikaza nusu mzunguko, wakapanda kipande cha mlima injini ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, akasikiliza. Akashuka, akakaza nusu nyingine. Angeendelea hivyo mpaka asikie injini ikigonga mara ya kwanza, mlio mwembamba kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, halafu angelegeza mzunguko mzima na kuacha hapo. Ndivyo alivyofanya kwa magari yote. Mpaka haukuonekana. Ulisikika tu.

"Shikamoo, mzee Leopold! Umekuja kutupandishia ndege?" Nazari alimpigia kelele kutoka kwenye kibanda chake cha mafuta walipopita mara ya pili.

"Marahaba. Mafuta yako ndiyo yanayotuweka chini!"

"Mafuta yangu yana nini? Hata pikipiki za wachungaji zinakunywa."

"Pikipiki haina turbo, Nazari."

Walicheka wote, hata Cleopa. Ottilia aliyekaa nyuma akasema, "Mwache Nazari, shemeji. Wewe fanya gari lipae."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Leopold alifungua mdomo, akamtazama shemeji yake kwenye kioo. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini, na vidole vyake vimeshika ukingo wa kiti kama mtoto anayesubiri bembea isukumwe. Akaufunga mdomo.

Nusu ya tatu. Nusu ya nne. Gari lilianza kuvuta vizuri, kwa kweli lilivuta. Lami iliyoletwa miaka ya karibuni ilikuwa imewaondolea madereva matope na mashimo, lakini pia ilikuwa imewaondolea sababu ya kukanyaga polepole, na kwenye miinuko ile injini ilikaa na nguvu zote kwa dakika nyingi mfululizo. Leopold aliinamisha kichwa. Alisikia upepo, matairi, ngurumo nene ya injini. Hakusikia kokoto. Akageuka kumtazama Cleopa, kama alivyozoea kuwatazama wateja. Uso wa Cleopa ulikuwa umetulia kabisa, macho barabarani.

Kama ingekuwa inagonga, Leopold alifikiri, kijana angeshtuka.

"Simamisha. Naongeza nusu moja."

"Sawa, baba mkubwa."

Akaongeza. Wakaanza kupanda kwa safari ya kweli kuelekea Mbinga. Walilipita lori la mbao, kisha basi dogo la abiria ambalo kila siku lilikuwa likiwapita wao. Ottilia alipiga makofi. "Shemeji! Leo nitafika hata wauza mchicha hawajatandika!" Leopold alitabasamu. Kwa muda huo mfupi aliamini kwamba daktari alikosea, au kwamba mikono yake ilikuwa inajua kilichosahauliwa na sikio.

Kwenye kona kali za nusu ya mlima kulitokea mshindo mmoja mzito, ambao hata yeye aliusikia. Nyuma yao moshi wa bluu ulitanda barabara nzima. Gari lilitetemeka, likapoteza nguvu, likasimama likitazama juu. Cleopa aliruka kuweka jiwe nyuma ya tairi.

Leopold alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa inatoka kwa presha kwenye tundu la kijiti, ikiruka kila injini ilipojaribiwa kuzungushwa. Akafungua plagi ya pili. Ncha yake ilikuwa imelika, na juu yake yalikuwa yameganda matone madogo ya alumini. Hakuhitaji kufungua zaidi. Pistoni ilikuwa imetoboka.

"Imekufa?" Ottilia aliuliza.

"Imekufa."

"Itatengenezeka?"

"Labda kwa injini nyingine. Hii, hapana."

Ottilia aliliegemea gari, akatazama ziwa lililokuwa linang'aa chini kabisa, kisha akatazama masanduku yake. Barafu ilikuwa imeanza kuchuruzika.

Leopold aliinama karibu na Cleopa. "Ilianza kugonga lini?"

Cleopa alisita, akitazama viatu vyake. "Tangu ile nusu ya tatu, baba mkubwa."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ikawaje usiseme?"

"Ningesemaje?" Kijana alikuwa karibu kulia. "Ulikuwa umeinamisha kichwa, unasikiliza. Nikasema moyoni, mzee anaisikia kuliko mimi, ndivyo inavyotakiwa ilie. Nikajikaza nisije nikakuonyesha kama nina wasiwasi na kazi yako."

"Hata mimi niliisikia," Ottilia alisema kutoka nyuma. "Kama mahindi kwenye kikaango. Nikadhani ndiyo nguvu yenyewe."

Basi wote wawili walikuwa wamesikia. Katika gari zima, aliyekuwa kiziwi ni mmoja tu, na ndiye waliyekuwa wakimtegemea.

Leopold angeweza kusema ni mafuta. Nazari angelaumiwa, na hakuna ambaye angeshangaa. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini Ottilia alikuwa amemsogelea, akimtazama midomoni kama Gaudiosa anavyofanya.

"Shemeji. Hukusikia?"

"Sisikii, Ottilia. Sauti kama hizo sizisikii tangu mwaka juzi."

"Dada anajua?"

"Anajua."

Ottilia alitikisa kichwa polepole. "Ungeniambia pale gerejini," alisema. "Ningelipeleka hata kwa huyo Damiano. Au ningebaki na gari zito, nichelewe sokoni. Kuchelewa nilikuwa nimekuzoea."

Basi dogo walilolipita likafika. Kondakta akakubali kupandisha masanduku mawili juu ya keria. Mengine mawili hayakuwa na nafasi. Ottilia alipanda bila kuaga, akafunga mlango, na basi likapotea kwenye kona.

Wanaume wawili walibaki na samaki wanaoyeyukiwa barafu na gari lisilokuwa na injini. Leopold alianza kufungua ile nati, airudishe nusu zote tano alizoikaza, ingawa alijua haina faida. Alikuwa nusu ya pili, mawazo yake yote kwenye nati, mkono ulipomgusa begani, akashtuka.

"BABA MKUBWA!" Cleopa alikuwa ameinama sikioni pake, akitamka kila neno kwa nguvu. "NAKUITA MUDA MREFU! TULISUKUME PEMBENI, MALORI YANAKUJA!"

Leopold aliweka spana chini. Wakasukuma pamoja, Cleopa akihesabu kwa sauti ya kupiga kelele, moja, mbili, tatu, ingawa walikuwa bega kwa bega.